Acheni Kuabudu Wastani

Najua nimepotea kwa majuma kadhaa. Kazi zilinilemea, na stima mtaani kwetu ina mambo yake. Niliahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata, lakini litangoja. Leo nimekasirika, na nikikasirika siwezi kuandika juu ya hifadhidata.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikinywa chai na rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye shule ya upili. Mimi nilienda kusomea sayansi ya tarakilishi, yeye akasomea kemia, na sasa yuko katika maabara ya kiwanda fulani. Nilikuwa namweleza kwa furaha kitu nilichosoma: kwamba kuna watu wanaotumia hadubini kutazama mmenyuko wa kemikali ukitokea juu ya chembe moja ya dhahabu, molekuli moja baada ya nyingine, na kila molekuli inapozaliwa huwaka kama kimulimuli. Akanisikiliza, akakoroga chai yake, halafu akasema: "Ndugu yangu, hayo ni mapambo tu. Mwenye kiwanda anataka jumla. Kama kichocheo kinafanya kazi vizuri kwa wastani, nani anajali chembe moja inafanya nini?"

Kwa wastani! Nililipa chai nikaenda zangu. Tangu siku hiyo maneno hayo mawili yananikera, kwa sababu yamenigharimu mimi mwenyewe, na kabla yangu yalimgharimu mama yangu. Nitaeleza. Lakini kwanza hebu tuelewane kuhusu hizo chembe.

Kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kuliwa. Wengi wetu tulikutana nacho kidato cha nne. Unaweka poda nyeusi ya oksidi ya manganizi ndani ya peroksidi ya hidrojeni, mapovu ya oksijeni yanatoka kwa kasi, unasoma ujazo kila baada ya nusu dakika, unachora grafu. Mstari mmoja, jibu moja, alama zako unapewa. Hakuna mwalimu aliyetuuliza kama kila punje ya ile poda ilikuwa inafanya kazi. Tulichukulia kwamba poda ni poda.

Katika viwanda na katika mabomba ya moshi ya magari, vichocheo vingi ni chembe za metali zenye upana wa nanomita chache tu. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe zinafanywa ndogo hivyo kwa sababu mmenyuko hutokea juu ya uso. Atomi iliyofichwa katikati ya donge haina kazi, iko pale kama abiria wa bure. Nimepiga hesabu: chembe ya dhahabu yenye upana wa nanomita 6 ina atomi karibu 6,700, na kati ya kila atomi nne au tano, moja iko juu ya uso. Na udogo huo hubadilisha hata tabia. Dhahabu ya pete ni mvivu, ndiyo maana haishiki kutu. Lakini mwaka 1987 Masatake Haruta na wenzake huko Japani walionyesha kwamba chembe ndogo sana za dhahabu huweza kugeuza monoksidi ya kaboni kuwa dioksidi hata katika baridi iliyo chini ya nyuzi 0. Ni dhahabu ile ile. Kilichobadilika ni ukubwa wake na vile inavyokaa.

Sasa hapo ndipo tatizo linaanzia. Ni vigumu mno kutengeneza chembe mbili za ukubwa huo zinazofanana atomi kwa atomi. Moja ina pembe zaidi, nyingine ina ufa, nyingine ina ngazi juu ya uso wake. Gramu moja ya dhahabu iliyogawanywa katika vitufe vya nanomita 6 ina vitufe ambavyo idadi yake ni 46 ikifuatwa na sufuri 16. Ukiweka sehemu yoyote ya hiyo ndani ya chupa ya maabara na kupima kasi ya mmenyuko, unapata jumla ya kazi ya umati mzima. Gawanya kwa idadi, unapata wastani. Halafu unaandika kwenye ripoti: "kasi ya kichocheo hiki ni hii." Kichocheo kipi? Hakuna hata chembe moja katika umati huo inayolazimika kuwa na kasi hiyo!

Nilimpa rafiki yangu mfano huu. Chukua chembe kumi, kila moja inatengeneza molekuli mbili kwa sekunde. Jumla ni ishirini. Kisha chukua chembe kumi nyingine: tisa zimelala fofofo, na moja inatengeneza ishirini peke yake. Jumla ni ishirini vilevile. Chupa ya maabara haiwezi kutofautisha makundi hayo mawili. Lakini mwenye kiwanda, huyo huyo anayetaka jumla, anakabiliwa na mambo mawili yasiyofanana kabisa. Katika kundi la kwanza anahitaji kubuni chembe bora. Katika kundi la pili amenunua chembe kumi na anatumia moja, na swali la pesa ni kwa nini zile tisa zimelala. Ukikumbuka kwamba vichocheo vya moshi wa magari hutumia platinamu na paladi, utaona kwamba swali hilo si mapambo.

Sasa, wanaonaje chembe moja ikifanya kazi? Hapa wacha niende polepole maana ndipo utamu ulipo.

Mmeona ile taa ya benki ya kukagua noti. Mwanga wenyewe huuoni vizuri, lakini alama fulani kwenye noti zinang'aa. Kitu kinapokea mwanga wa aina moja na kutoa mwanga wa aina nyingine. Wanasayansi huita hali hiyo fluoresensi. Uzuri wake kwa kazi ya hadubini ni kwamba mwanga unaotoka una rangi tofauti na ule ulioingia, kwa hivyo unaweka kichujio, unazuia mwanga wa leza, na kinachofika kwenye kamera ni kile kilichong'aa tu. Giza kila mahali isipokuwa pale unapopataka. Mwaka 1989 W. E. Moerner na Lothar Kador, wakiwa katika maabara ya IBM huko California, waliweza kugundua alama ya molekuli moja tu kwa kutumia mwanga. Mwaka uliofuata Michel Orrit na Jacky Bernard huko Ufaransa waliiona kupitia fluoresensi. Kabla ya hapo wengi walidhani molekuli moja ni kitu cha kuandika ubaoni, si cha kutazama.

Mwaka 2008 kikundi cha Peng Chen katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilitumia mbinu hiyo kwa chembe za dhahabu. Walizigandisha chembe za nanomita 6 juu ya kioo, mbalimbali, ili kila moja iwe na nafasi yake. Juu yake wakapitisha maji yenye rangi iitwayo resazurini. (Kumbukeni jina hilo, tutalirudia.) Resazurini haing'ai kwa kiasi cha maana. Lakini ikifika juu ya dhahabu, pamoja na kemikali ya kuisaidia, inapoteza atomi moja ya oksijeni na kuwa resorufini, na resorufini inang'aa vizuri sana chini ya leza ya kijani. Leza yenyewe inaingizwa kwa mwinamo mkali hivi kwamba inamulika tabaka jembamba tu karibu na kioo. Maji ya juu yanabaki gizani.

Fikiria kile kamera inachokiona. Chembe iko kimya. Ghafla, mwako! Molekuli moja ya resorufini imezaliwa na bado imeshikilia uso wa dhahabu. Baada ya muda mfupi mwako unazima: molekuli imeachilia na kuogelea zake. Kimya tena. Mwako tena. Programu inachukua video hiyo na kuandika nyakati. Muda wa kimya ni muda wa kusubiri mmenyuko utokee. Muda wa mwako ni muda wa kusubiri zao liondoke. Ndugu zangu waandishi wa programu, hii si kitu kingine ila faili ya rekodi! Kila tukio lina saa yake, na kila chembe ina faili yake.

Na faili hizo zilisema nini? Kwanza, chembe hazikuwa na kasi moja. Pili, hazikuwa hata na tabia moja. Baadhi ziliachilia zao haraka zaidi rangi ilipoongezwa ndani ya maji, nyingine ziliachilia polepole zaidi, na nyingine hazikujali. Tatu, chembe ile ile ilibadilika kadiri muda ulivyokwenda: ilikuwa na kasi, ikapoa, ikapata kasi tena, katika vipindi vya makumi ya sekunde na zaidi. Maelezo yao ni kwamba uso wa dhahabu wenyewe unajipanga upya, na kwamba mmenyuko wenyewe unachangia kuupanga. Kwa hivyo hata mtu akikuuliza "chembe hii ina kasi gani?" inabidi umwulize "saa ngapi?"

Waafrika tumesema tangu zamani kwamba vidole vya mkono havilingani. Ilichukua leza kuwaonyesha wakemia kwamba hata chembe za dhahabu hazilingani, na kwamba hata kidole kimoja hakilingani na chenyewe jana na leo.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu, maana nilipompigia simu Jumapili alikuwa na hoja tatu, na haki ni kuzijibu moja moja.

Hoja ya kwanza: "Sawa, zinatofautiana. Lakini hiyo inanisaidia nini?"

Inakusaidia kujua mahali pa kugusa. Mwaka 2006, kabla ya wale wa Cornell, kikundi cha Maarten Roeffaers, Johan Hofkens na wenzao huko Leuven, Ubelgiji, kilitazama fuwele moja moja za kichocheo kilichopangika kwa tabaka, na kuhesabu miako juu yake. Waligundua kwamba mmenyuko mmoja ulitokea kwenye kuta za pembeni za fuwele tu, ilhali mwingine, juu ya fuwele za aina ile ile, ulitokea kila mahali kwenye uso wa nje. Tafakari maana yake. Kama unautaka ule wa kwanza, kukuza fuwele pana na nyembamba ni kupoteza mali, unahitaji pembeni nyingi. Kama unautaka wa pili, hujali. Chupa ya maabara isingekuambia hivyo hata ungeipima miaka kumi.

Mwaka 2012 kikundi cha Chen kilienda mbali zaidi na vijiti vya dhahabu. Wengi tungedhani kwamba upande mmoja wa kijiti, ambao atomi zake zimepangwa kwa mpango mmoja, utakuwa na nguvu moja toka mwanzo hadi mwisho. Haikuwa hivyo. Nguvu ilibadilika hatua kwa hatua kutoka katikati ya kijiti kuelekea ncha zake mbili, na uwiano kati ya ncha na pembeni ulitofautiana kijiti kwa kijiti, ingawa kwa vitabu vijiti vyote vina nyuso za aina moja. Sababu waliyoitoa ni kasoro: mahali ambapo atomi hazikukaa vizuri kijiti kilipokuwa kinakua. Yaani kujua umbo pekee hakutoshi. Ukitaka kichocheo bora, tazama pia jinsi unavyokikuza.

Hoja ya pili: "Hiyo ni mimenyuko ya rangi. Nani ananunua resorufini?"

Hapa ninamkubalia nusu, na sitajifanya. Ni kweli kwamba mbinu hii inahitaji zao linalong'aa, na mazao mengi ya kiwandani hayang'ai. Ni kweli pia kwamba kazi nyingi ya aina hii hufanywa ndani ya maji kwenye joto la chumba, si ndani ya tanuri lenye gesi na shinikizo. Anayekuambia kwamba hadubini hii imemaliza kazi ya kemia anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Lakini tazama walichofanya mwaka 2019. Kikundi kile kile cha Cornell kilichapisha njia ya kutazama mmenyuko usiong'aa kwa kutumia ushindani. Unaweka rangi inayong'aa ikibadilishwa, halafu unaongeza kitu usichoweza kukiona. Vyote viwili vinagombea nafasi juu ya chembe. Pale ambapo kisichoonekana kinashikilia sana, miako ya rangi inapungua. Unasoma mchezaji asiyeonekana kwa kutazama jinsi anavyomzuia anayeonekana. Kwa njia hiyo walichora ramani ya haidrokwinoni, kichafuzi cha maji, juu ya chembe za kichocheo kinachotumia mwanga. Kwa hivyo hoja ya "rangi tu" ina jibu, na jibu linaendelea kukua.

Hoja ya tatu, na hii ndiyo iliyonichoma: "Hayo ni ya matajiri. Sisi hapa yanatuhusu nini?"

Basi nikuambie yanatuhusu nini.

Nilipokuwa darasa la sita mama yangu alikuwa na ng'ombe wawili. Majirani watano waliungana ili kupunguza gharama ya kubeba: kila jioni walimimina maziwa yao katika mtungi mmoja mkubwa, na asubuhi mtungi ukapelekwa kituo cha kukusanyia maziwa. Pale kituoni palikuwa na chupa ndogo ya rangi ya samawati. Wanatia kiasi kidogo ndani ya maziwa, wanaweka kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, wanatazama. Ikibaki samawati, maziwa ni mazuri. Ikigeuka waridi, bakteria ni wengi. Ikiwa nyeupe, rudi nyumbani.

Ile rangi ni resazurini. Ndiyo, ile ile ya Cornell! Bakteria huigeuza kuwa resorufini ya waridi, na wakizidi wanaigeuza tena kuwa kitu kisicho na rangi. Mkulima yeyote wa maziwa aliyewahi kusimama kwenye foleni ya kupimiwa hivyo ameona mmenyuko ule ule ambao wale walihesabu molekuli kwa molekuli.

Siku moja mtungi ulirudi. "Mama, maziwa yenu yamekataliwa," kijana wa punda akasema, akautua mlangoni. Mama hakumjibu. Alikuwa anaosha vyombo vyake kwa maji yaliyochemka, kila siku, hata kuni zikiwa haba. Jioni yake kila jirani aliapa kwamba yake yalikuwa safi, na pengine wanne kati ya watano walisema kweli. Nani aliyejua? Maziwa yalikuwa yamechanganywa. Kipimo kilisema kweli kuhusu mtungi na hakikusema lolote kuhusu ng'ombe. Ilitokea tena mwezi huo, na tena. Kikundi kikavunjika kwa matusi, mama akauza ng'ombe mmoja kulipa karo yangu, na hadi leo hajui ni nani. Kupima kila debe kabla ya kumimina kungetosha.

Sasa uniambie wastani hauna madhara kwa maskini. Mwenye nacho anaweza kumwaga mtungi mmoja, maisha yakaendelea.

Ungedhani nilijifunza. Wapi! Miaka mitatu iliyopita niliandika mfumo wa malipo kwa kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi. Kila Ijumaa nilipeleka ripoti kwa mkubwa wangu: wastani wa kusubiri ni sekunde 0.4. Kila mtu alifurahi. Wakati huo huo simu za malalamiko zilikuwa zinaingia, na mimi, kwa kiburi changu, nilisema ni mtandao wa wateja. Hatimaye nilifungua faili ya rekodi na kutazama tukio moja moja. Kati ya kila wateja 100, 99 walisubiri sekunde 0.1, na mmoja alisubiri sekunde 30. Pigeni hesabu wenyewe, mtapata 0.4 kasoro kidogo. Hakukuwa na mteja hata mmoja aliyesubiri sekunde 0.4. Ripoti yangu ilieleza mtu asiyekuwepo. Aliyekuwepo ni mama wa mboga aliyeona skrini imeganda, akabonyeza tena, akalipa mara mbili. Kosa lilikuwa langu, kiungo kimoja kwenye seva ambacho nilisahau kukifunga. Ilinichukua dakika ishirini kurekebisha na miezi minne kuona.

Miezi minne! Si kwa sababu takwimu hazikuwepo. Zilikuwepo, na mimi nilizisaga kabla ya kuzitazama.

Najua kuna msomaji atakayeniambia, "Lakini hata hao wa hadubini hutumia wastani." Umenena, na hapo ndipo ninapotaka ufike. Tangu mwaka 1873, Ernst Abbe alipoieleza, tunajua kwamba hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, yaani karibu nanomita 200 hadi 300. Molekuli moja inaonekana kama doa pana lenye ukungu. Ilhali kwenye vile vijiti vya dhahabu walitofautisha mahali hadi karibu nanomita 40. Vipi? Kwa sababu molekuli zinawaka moja moja, na doa la molekuli moja lina kitovu. Kila fotoni inayofika inakuambia kidogo kuhusu kitovu hicho, na kosa linapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fotoni: fotoni 100 hupunguza kosa mara 10, fotoni 400 mara 20. Huo ni wastani, tena wastani mtukufu. Betzig, Hell na Moerner walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2014 kwa kuvuka mpaka huo wa Abbe kwa njia zao mbalimbali.

Lakini angalia ni wastani wa nini. Ni wa fotoni 400 kutoka kwa molekuli moja. Ukikusanya habari nyingi kuhusu kitu kimoja, wastani unaondoa kelele. Ukikusanya vitu vingi tofauti na kuviita kimoja, wastani unaondoa ukweli. Shida si hesabu yenyewe. Shida ni kuikimbilia kabla hujauliza kama ulivyovichanganya ni vya aina moja.

Na msikimbilie upande wa pili pia. Si kila tofauti ni tofauti ya kweli. Chembe ambayo kwa kawaida yake hutoa miako 25 katika dakika fulani itakupa 20 dakika hii na 30 ijayo kwa bahati tu, kwa kuwa matukio ya nasibu huyumba kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha idadi yake. Anayeona 20 na 30 na kutangaza kwamba amegundua chembe mvivu na chembe hodari anajidanganya. Ndiyo maana wenye kazi hii wanahesabu miako mingi kwa kila chembe kabla ya kusema neno. Kutazama kimoja kimoja ni kazi ngumu kuliko kutazama jumla, na ugumu huo ndio uliotufanya tupende jumla.

Na kuhusu utajiri: leza na kamera nyeti ni ghali, sibishi. Lakini kazi ya kutoa nukta kutoka kwa video ni programu, na programu zake ziko bure. ImageJ imekuwepo tangu miaka ya 1990, na ThunderSTORM, inayofanya kazi ndani yake, ilitoka mwaka 2014. Mimi nimezipakua zote mbili kwenye kipakatalishi changu. Nimeandika mistari kama arobaini ya Python inayobuni makundi yale mawili ya chembe kumi na kuyapitisha kwenye grafu ya wastani, na grafu zinalaliana kama mapacha. Kisha unabadilisha mstari mmoja, unachora kila chembe peke yake, na ghafla zile tisa zilizolala zinajitokeza. Mwanafunzi yeyote mwenye tarakilishi anaweza kufanya hivyo leo jioni. Tabia ya kuuliza "hii namba imechanganya nini?" haihitaji leza.

Sisi tunasema haba na haba hujaza kibaba. Rafiki yangu anatazama kibaba tu, na kweli kibaba kimejaa. Mimi nataka kujua ni haba zipi zilizokijaza na zipi zilizokaa pembeni zikisubiri sifa. Kesho kibaba kisipojaa, yeye ataongeza dhahabu. Mimi nitajua pa kuanzia.

Ndugu yangu, najua unasoma hapa. Jumamosi chai ni juu yako. Ukija, nenda kwanza kwenye maabara yako, uchukue ile ripoti ya kichocheo unayoisaini kila mwezi, utafute namba moja yenye neno "wastani" kando yake, na uniambie imetoka kwa vitu vingapi na kama viliwahi kupimwa kimoja kimoja. Ukiwa na jibu nitanyamaza. Usipokuwa nalo, mandazi pia ni juu yako.

Wengine mnaopinga, andikeni hapa chini, nitajibu kila mmoja kivyake. Somo la hifadhidata linaendelea juma lijalo, stima ikikubali.